Vitambaa vya vikombe: habari niliyoitangaza nusu

Leo sileti habari ya barabara wala ya bei ya makala. Naleta habari yangu mwenyewe. Ni kosa nililolifanya kwa mdomo wangu mbele ya mikrofoni mwaka 2023, na mama mmoja mhami wa vita akaja kunisahihisha akiwa na mfuko wa plastiki mkononi. Ndani ya mfuko kulikuwa na vitambaa vya kroshe, vile vidogo vya mviringo ambavyo mama zetu wanaviweka chini ya kikombe cha chai.

Jina la mama yule sitalitaja. Yeye mwenyewe aliniomba hivyo, na wakati tulionao mnaujua. Nitamwita Mama tu, kama nilivyomwita siku ile.

Mwaka ule nilikuwa na kipindi cha kila wiki juu ya kazi za mikono. Wahami walikuwa wamejaa pande zote za mji wa Goma: Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala. Wengi walikuwa wametoka Rutshuru mwishoni mwa 2022, na godoro kichwani na mtoto mgongoni. Kila siku tulitangaza upungufu wa maji, kipindupindu, watu waliopigwa risasi njiani. Mkuu wangu wa habari akaniambia: "Ndugu yangu, watafutie watu kitu cha kuwapa moyo." Nikaenda kutafuta.

Mjini nikampata mama mfumaji. Nyumba yake ilipendeza: makochi yamevikwa vitambaa, televisheni imevikwa, hata termosi ilikuwa na kofia yake. Akanionyesha vitambaa sita vyeupe vya vikombe na kikubwa kimoja cha kuwekea sinia. Nikamuuliza, "Mama, seti kama hii inauzwa pesa ngapi?" Akajibu, "Dola 10." Nikamrekodi, nikarekodi na watoto wakicheka nyuma, nikarudi studio. Habari ilikuwa ya dakika nne. Nikaifunga kwa maneno haya, nayakumbuka vizuri maana baadaye niliyasikiliza tena mara nyingi: "Kwa uzi na sindano tu, mama anaweza kulisha familia yake."

Watu walinipigia simu kunisifu. Mimi nikaridhika, nikaendelea na habari nyingine.

Wiki mbili baadaye, mlinzi wa redio akaniita. "Kuna mama mmoja hapa mlangoni, ametoka Kanyaruchinya. Anasema anamtaka yule wa vitambaa."

Nilitoka. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, kitenge chake kimefifia lakini kimepigwa pasi, viatu vimejaa vumbi jeusi la volkeno. Alikuwa ametembea kwa miguu tangu asubuhi. Nikamsalimia, nikamkaribisha kiti. Hakukaa. Akafungua mfuko, akaanza kupanga vitambaa juu ya meza ya mlinzi, kimoja baada ya kingine, polepole, kama mtu anayehesabu noti mbele ya mtu asiyemwamini. Vilifika 30.

"Mwanangu," akasema, "wewe ndiwe ulisema vinanunuliwa?"

"Ndiyo, Mama. Ni mimi."

"Basi niambie ni nani anayevinunua. Nimekuja unionyeshe nyumba yake."

Sikuwa na jibu. Akanielezea. Walikuwa akina mama sita katika likelemba moja. Kila mmoja alitoa franka 5,000, jumla 30,000, na feza ile ilikuwa imetengwa kwa ajili ya mmoja wao ambaye mtoto wake alikuwa mgonjwa. Walisikia kipindi changu usiku, kwenye redio ndogo ya jirani. Wakahesabu: dola 10 kwa seti, seti kumi, ni dola 100. Wakasema tununue uzi kwanza, mtoto tutamtibu vizuri wiki ijayo. Wakanunua vibonge kumi vya uzi wa pamba, kila kimoja franka 3,000. Wakafuma. Kila mama alimaliza vitambaa sita. Wakapeleka sokoni. Katika siku nne waliuza seti moja tu, na mnunuzi alibishana nao mpaka akalipa franka 5,000.

"Mtoto je?" nikauliza.

"Mtoto amepona, Mungu ni mkubwa. Lakini ilibidi tukope tena. Sasa tuna deni, tuna vitambaa, na chai hatuna."

Mlinzi akacheka kidogo aliposikia neno hilo la mwisho. Mama hakucheka.

Nilimpa maji, safari hii akakubali kukaa. Nikaleta daftari langu. Nikamwomba tuhesabu pamoja, hesabu ambayo ilinipasa kuifanya na yule mama wa mjini kabla ya kufungua mdomo wangu hewani. Kibonge kimoja cha gramu 50 kinatoa vitambaa sita. Kitambaa kimoja, kwa mikono inayojua, kinataka saa mbili hivi. Seti ni saa 12. Ukiuza kwa 5,000 na kutoa 3,000 za uzi, zinabaki 2,000. Zigawe kwa saa 12: kama franka 170 kwa saa. Kwa bei ya wakati ule, hazikutosha vitumbura viwili. Na hapo hatujahesabu motari, wala sabuni, wala siku unazokaa sokoni bila kuuza.

Akaiangalia ile hesabu muda mrefu. Kisha akasema, "Na yule wa dola 10?"

Ikabidi nirudi kwa yule wa dola 10 kumuuliza. Hakuwa amenidanganya. Ni mimi sikuuliza. Alikuwa anauza seti kwa dola 10, ndiyo, lakini kwa oda tu, kwa watu wa harusi na kwa wageni wa mashirika waliotaka zawadi ya kupeleka kwao. Katika mwaka mzima alikuwa ameuza seti nane. Chakula cha nyumba kilitoka kwenye cherehani yake na kwenye mshahara wa mume wake. Aliponijibu alishangaa: "Lakini wewe uliniuliza bei, hukuniuliza kama naishi nayo."

Neno hilo nimeliandika kwenye jalada la daftari langu la kazi.

Wiki iliyofuata nilipanda Kanyaruchinya. Nilienda kuomba msamaha kwa wale mama wengine watano, na kwa kweli nilikuwa nimejitayarisha kutukanwa. Wale walio Goma wanapajua pale: mahema yalikuwa yamebanana juu ya mawe ya volkeno, baridi ilitoka mlimani, mvua ikinyesha maji yaliingia chini ya turubai. Mama akanikaribisha katika hema lake. Ndani huwezi kusimama wima. Kulikuwa na mkeka, sufuria mbili, na bidoni la njano la lita 20 limelazwa ubavu, na kipande cha ubao juu yake. Hiyo ndiyo ilikuwa meza.

Akapuliza mbabula, akachemsha maji, akatia majani. Sukari ilikuwa kidogo, akaitia yote kwenye kikombe changu. Kikombe changu kilikuwa cha bati, chake kilikuwa kopo la plastiki lililopasuka mdomo. Lakini kabla ya kuviweka juu ya ule ubao, alifungua kitambaa cha kichwa kilichofungwa fundo, akatoa vitambaa viwili vya kroshe, vyeupe kabisa, akavitandika, akavinyoosha kwa kiganja. Ndipo akaweka kikombe na kopo.

Mimi ni mtu wa maswali, nikauliza. "Mama, kwa nini hivi viwili hukuviuza?"

"Hivi si vya kuuza. Hivi ni vya nyumba."

"Nyumba hii?"

"Unaona nyumba nyingine?" Akasogeza kikombe changu kidogo kikae katikati ya ua. "Kwenye foleni ya unga mimi ni jina kwenye karatasi. Wanaliita vibaya, naitika hivyo hivyo. Hapa mimi ndiye mwenye nyumba. Mgeni akinywa chai yangu, sitaki aangalie bidoni. Nataka aangalie mkono wangu."

Nilikunywa chai ile polepole. Nilimkumbuka mama yangu mzazi. Kwetu redio ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kroshe chenye ncha zinazoning'inia. Mama alipotaka kusikia habari alikuwa anainua pembe ya kitambaa kwa vidole viwili ili apate kile kitufe, kisha anairudisha. Sisi watoto tulikatazwa kuigusa. Nadhani kazi hii ya redio niliipendea pale, kwa sababu sauti ilikuwa inatoka chini ya kitu kilichopambwa. Mimi nilikuwa mshika kibonge: mama anafuma, mimi nakaa chini na uzi mapajani, nauachia kidogo kidogo usijifunge. Dada zangu walifundishwa kufuma. Mimi nilifundishwa kushika tu.

Wengi wenu mna nyumba kama ile katika kumbukumbu. Katika Kivu yetu, sebule bila vitambaa ni kama bwana harusi bila viatu. Kazi hii ina historia. Wakati wa Wabelgiji kulikuwa na vituo vilivyoitwa foyers sociaux, ambamo wanawake walifundishwa kushona, kufuma, kupika na kutunza nyumba jinsi wakoloni walivyotaka nyumba itunzwe. Masista nao walifundisha katika shule zao, na mpaka leo wasichana wetu wanasoma ushonaji katika shule za sekondari. Ndiyo, ilikuja na mkono wa bwana aliyetaka kutupangia hata meza. Lakini bibi zetu waliichukua wakaifanya yao. Yule mama wa Kanyaruchinya alifundishwa na shangazi yake kijijini, na shangazi yake hakuwa amekaa shuleni hata siku moja.

Siku ile niliomba nifundishwe. Wale mama watano walikuwa wamekusanyika mlangoni kuniangalia, na nilipotamka hivyo walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Mwanaume na kroshe! Mama akawanyamazisha. "Mwacheni ajue saa mbili ni nini."

Sindano yake ilikuwa ya spoku ya baiskeli. Ile ya chuma ya dukani aliiacha Rutshuru siku ya kukimbia, na hapo kambini fundi wa baiskeli alimkatia kipande cha spoku, akakisugua kwenye jiwe, akakikunja ncha kiwe kama ndoana ndogo. Upande wa kushikia aliuviringishia kipande cha mpira wa tairi. Kwa uzi mwembamba wa pamba, sindano inatakiwa isizidi milimita mbili, na spoku inafaa kabisa.

Nitawaeleza kazi yenyewe kwa wale ambao hawajawahi kuiona karibu. Unaanza na mnyororo wa vifundo nane, unaufunga uwe pete. Ndani ya pete ile unapiga mishono mirefu 24, ikae kama miale ya jua. Mzunguko unaofuata, juu ya kila mshono unapiga mwingine na kuacha tundu katikati, na hapo ndipo ua linaanza kuonekana. Unaendelea kuzunguka, mizunguko saba au minane, mpaka upana ufike sentimita 11 hivi, ili kikombe kikae na ncha zibaki zikionekana. Mzunguko wa mwisho ni wa vijino vidogo vya urembo.

Shida iko katika hesabu. Kila mzunguko lazima uongeze mishono, maana duara linapanuka. Ukiongeza michache, kitambaa kinainuka kando kama bakuli. Ukiongeza mingi, kinakunjamana kama jani la kabichi. Na kitambaa kisicholala sawa hakina kazi, kikombe kitayumba na chai itamwagika. Changu kilikuwa bakuli. Nilikaa karibu saa tatu, vidole vikiniuma, nikapata bakuli ndogo lisiloweza kushika maji. Mama akalishika, akavuta uzi, lote likafumuka mbele ya macho yangu kwa muda wa kuhesabu kumi. "Uzi haujaharibika," akasema. "Anza tena."

Hapo ndipo nilielewa kwamba nilikuwa nimetangaza kazi nisiyojua uzito wake.

Kwa wanaofuma, haya mengine aliyonifundisha. Uzi uwe wa pamba. Ule wa nailoni, au wa sweta za chaguwa zisizo za pamba wala sufu, haunywi chai iliyomwagika, na ukiwekewa kitu cha moto sana unaweza kulegea na kuharibika umbo. Kitambaa kikiisha kinafuliwa kwa sabuni, kisha kinatiwa wanga. Yeye alitumia wanga wa muhogo, ule mweupe unaotulia chini ya maji: anaukoroga katika maji baridi kwanza, anaupika uwe uji mwepesi, anachovya kitambaa, anakikamua, anakinyoosha juu ya ubao kwa pini mpaka kikauke. Kinasimama kama karatasi. Wengine wanatumia maji ya sukari. Yanafanya kazi, lakini sisimizi nao watapenda. Chai ikimwagika, loweka mara moja katika maji baridi, usingoje jioni. Na javeli usiizidishe: inang'arisha leo, lakini inakula uzi, na baada ya miezi kitambaa kinakatika chenyewe.

Juma lile nilirudi hewani. Niliomba dakika nne zile zile, saa ile ile, ili aliyesikia kosa asikie na masahihisho. Mkuu wangu hakufurahi. Alisema redio ikijisahihisha kila mara watu hawataiamini. Nilimwambia kwamba kuna akina mama sita ambao tayari hawaiamini, na wana majirani. Akakubali.

Nilisema hivi: habari niliyowapa ilikuwa nusu. Bei niliyoitaja ni ya kweli, lakini wanunuzi ni wachache, na kazi ni ya saa nyingi. Yule mama wa mjini haishi kwa vitambaa. Nikasoma ile hesabu yote, uzi, saa, franka 170. Nikasema, kama una uzi nyumbani, fuma. Kama ni feza ya dawa au ya chakula, usiinunulie uzi kabla hujampata mnunuzi aliyelipa kitu mkononi. Nikaomba radhi, bila kutaja mtu.

Simu zilizokuja safari hii hazikuwa za kunisifu. Mama mmoja wa Bulengo alinipigia, naye alikuwa amenunua uzi. Mwingine wa Sake alisema alikuwa anataka kununua kesho yake. Yule wa Sake ndiye aliyenifanya nilale usiku ule.

Mtaniuliza deni liliishaje. Sitaki kuwapa tena habari tamu ya nusu. Mimi nilinunua seti moja, kwa bei ya yule mama wa mjini. Seti moja ilichukuliwa na msichana aliyekuwa anaolewa Himbi. Zilibaki tatu, pamoja na vibonge vinne vya uzi ambavyo havijaguswa. Mama akawaambia wenzake: hapa kuna baridi, na kuna watoto wanaozaliwa kila wiki. Wakaacha vitambaa, wakafuma kofia za watoto wachanga. Kofia moja inataka uzi kidogo kuliko seti, inaisha kwa jioni moja, na mnunuzi yuko hema la tatu. Hata vitambaa 12 walivifumua ili uzi ule uwe kofia. Niliposikia hivyo niliumia, lakini Mama alishangaa kwa nini naumia. Kwake uzi ni uzi. Deni lililipwa baada ya miezi minne, na sehemu kubwa haikutoka kwenye uzi kabisa. Ilitoka kwenye kubeba mizigo na kufua nguo za watu mjini.

Lakini vile viwili vya nyumba havikufumuliwa. Kila nilipopanda kule, chai ikiwepo au maji ya moto tu, vilikuwa vinatandikwa.

Januari 2025 vita viliingia mjini, ninyi mlikuwepo au mlisikia. Februari kambi zilizozunguka Goma zilivunjwa. Watu waliambiwa warudi makwao, na katika siku chache mahema yaliisha. Mimi wakati ule nilikuwa na matatizo yangu, kama mwandishi wa habari yeyote wa mji huu, na sikuweza kwenda kumuaga. Nilipita Kanyaruchinya baadaye. Palikuwa na mawe, vipande vya turubai, na watoto wanaokota vijiti vya mahema kwa ajili ya kuni.

Miezi mingi sikujua yuko wapi. Kisha simu ikaja kutoka nambari nisiyoijua. Alikuwa ameazima simu ya kijana mmoja, na alizungumza haraka haraka kwa kuogopa kumalizia mtu salio. Nyumba yake ipo, kuta zimesimama, mabati yamechukuliwa yote isipokuwa ya chumba kimoja. Kabati lake la vikombe halipo. Vikombe vyenyewe, sijui kama nilitegemea vingine, havipo.

"Lakini ile spoku ninayo," akasema. "Na vile viwili ninavyo. Ukifika huku utakunywa chai."

"Nitafika, Mama."

"Usinitangaze kwamba nimefanikiwa."

"Hapana, Mama. Nitasema ulivyosema."

Ndiyo maana nimeandika haya. Mjini benki zilifungwa Januari ile ya 2025, feza ikawa ngumu kuipata mkononi, na ukimpelekea mtu kitambaa cha kikombe atakuuliza kama kinaliwa. Simshauri mtu aanze biashara ya vitambaa. Lakini pia simwambii mtu aache kufuma. Nilikosea mara mbili katika habari ile: nilisema kitambaa kitalisha familia, na sikusema kinafanya nini hasa. Kinamfanya mtu aliyenyang'anywa mlango aweze bado kumwambia mwingine "karibu". Kazi hiyo haina mnunuzi, na ndiyo maana sikuiona.

Ninyi mnaotusikiliza, kuanzia leo mkisikia mwandishi yeyote, hata mimi, anasema kazi fulani inalipa, tupigieni simu mtuulize maneno manne: kuanza kunagharimu ngapi, inachukua saa ngapi, nani ananunua, na mwaka jana alinunua mara ngapi? Tukishindwa kujibu, basi hatujamaliza kazi yetu.

Vitambaa sita nilivyonunua viko nyumbani. Mke wangu anavitoa wageni wakija, na kimoja kina doa la chai ambalo ni langu. Nililichelewesha mpaka jioni, nikakumbuka maji baridi wakati doa limeshakaa. Redio yangu nayo nimeifunika kitambaa. Nilikifuma mwenyewe. Pembe moja imeinuka kidogo kama bakuli, lakini redio ni nzito, inailaza.

Ninyi mlioko mbali na nyumba zenu, popote mlipo usiku huu, chini ya turubai au katika sebule ya watu, nawasalimu. Mkiwa na chai, mnywe pole pole.